Naomba ushauri: nimwandikeje Gavana Morton?

Habari zenu wakuu. Naandaa makala ya maisha ya Oliver Morton, gavana wa Indiana wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na nimekwama.

Mwaka 1863 Wademokrati, waliokuwa wengi bungeni, walitaka kumnyang'anya mamlaka juu ya wanamgambo wa jimbo. Wabunge wa chama chake, Republican, wakasusa na kuondoka, akidi ikakosekana, kikao kikaisha bila bajeti. Morton hakuliita bunge tena hadi 1865! Alikopa benki, akapata dola 250,000 kutoka Wizara ya Vita ya serikali ya Lincoln, na mwenye benki James Lanier akalipa riba ya deni la jimbo. Vita ikaendelea kugharamiwa. Lakini katiba je? Hilo linanisumbua sana, ingawa namheshimu kwa alivyowapigania askari wake.

Mwaka 1865 kiharusi kilimpooza, hata hivyo akawa seneta hadi alipofariki 1877.

Mliowahi kuandika wasifu, nisaidieni: nianze na mgogoro huo, au nifuate miaka tangu alipozaliwa 1823? Na maoni yangu niyaweke wazi, au nimwachie msomaji aamue?