Nani aliua stesheni ya Barcombe?

Kijana wa Igogo: Wakuu, dada yangu yuko Sussex, kusini mwa Uingereza. Jumapili kanitumia picha ya nyumba ya matofali kijijini Barcombe, eti ilikuwa stesheni. Sasa wanaishi watu, reli hakuna hata kipande. Jirani yake anamlaumu mtu anaitwa Beeching. Ni kweli?

Mstaafu wa Mkuyuni: Kijana, Beeching asingiziwe. Huyo alikuwa mkuu wa reli za Uingereza, na ripoti yake ya kufunga vituo ilitoka 1963. Barcombe ilifungwa 1955. Njia hiyo ya Lewes kwenda East Grinstead ilifunguliwa 1882, ikapita mashambani, abiria wa kuhesabu. Ilipangwa ife Juni, mgomo wa madereva ukaanza Mei mwishoni, ikafa kabla ya siku yake.

Utamu uko hapa. Mama mmoja wa Chailey, kijiji cha jirani, Madge Bessemer, alifukua sheria ya 1878 ya njia ile akakuta imeandikwa: treni nne kila siku. Wenye reli wakabanwa. Agosti 1956 wakarudisha treni shingo upande, behewa moja, saa zisizomfaa mtu wa kazini wala wa sokoni. Watu wakaiita huduma ya kununa! Na Barcombe? Jina lake halikuwemo kwenye sheria, basi treni ikawa inapita hapo bila kusimama. Machi 1958, Bunge lilipokwisha kuwafungua na ile sheria, wakafunga kabisa.

Mimi nilikuwa stesheni ya Malya, najua treni isiyosimama inavyouma. Wewe umenyoosha pete ya tokeni, yaani kibali cha dereva kuingia kipande cha njia moja, dereva anainyaka bila kukutazama, nyuma yako mama wa karanga kabaki na sinia lake kichwani.

Binti Nyegezi: Shikamoo mzee. Mbona nimeona video za treni za mvuke Sheffield Park? Si njia hiyohiyo?

Mstaafu wa Mkuyuni: Marahaba. Ndiyo hiyo. Wapenzi wa reli walikiokoa kipande cha huko, wakaanza kubeba abiria 7 Agosti 1960. Wanaiita Bluebell. 2013 wakafika tena East Grinstead. Upande wa Barcombe ndio ulioambulia patupu.

Kijana wa Igogo: Asante sana mzee. Dada anakwenda Sheffield Park mwezi ujao.

Mstaafu wa Mkuyuni: Asihangaike na injini, kila mtu anapiga picha injini. Aingie chumba cha ishara, anipigie picha ya tokeni zao.