Tupeane uzoefu: Mfumo uliokuja kukurahisishia kazi, ikabidi utafute mtu wa kukusaidia kuutumia

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kila ofisi unayogusa unaambiwa "siku hizi ni mfumo". Sina ugomvi na mfumo. Enzi zile faili lilikuwa linapotea, halafu linaonekana ghafla karani akishapewa ya soda. Sasa faili halipotei, ila mfumo uko chini, na mfumo haunywi soda.

Ninachokiona mimi ni kwamba nyuma ya kila mfumo kuna binadamu ambaye hayupo kwenye mfumo. Dogo anayekujazia fomu, jirani anayejua kuingiza umeme, mpwa anayeijua paswedi yako kuliko wewe mwenyewe. Wakubwa wakitangaza kwamba huduma imekuwa ya kidijitali, hao hawatajwi. Wagome siku moja muone.

Haya, tupeane uzoefu. Masharti mawili tu: usitaje jina la ofisi wala kampuni, uzi usije ukafungwa, na usituletee chai.

Kapuku wa Chang'ombe

Nimeweka kambi hapa. Kahawa na kashata viko tayari.

Binti Mkonze

Mimi naanza na steshenari, maana ile ndiyo wizara yetu ya ziada.

Nilimsindikiza baba mdogo kutoka Chamwino kufuatilia mambo yake ya mafao. Dirishani akaambiwa, "Mzee wangu, haya yote siku hizi unajihudumia mwenyewe mtandaoni." Baba mdogo akauliza mtandaoni ni wapi. Yule dada, kwa heshima zote, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Tukavuka. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na foleni imetoka mpaka barazani. Kijana akamuuliza barua pepe yake. Hana. Akamtengenezea hapo hapo. Wakafika kwenye yale maswali ya usalama, ambayo majibu yake eti unayajua wewe peke yako. Kijana akauliza, "Mzee, mama yako ukoo wao ni upi?" Baba mdogo masikio mazito kidogo. Swali likarudiwa kwa sauti ya mnadani. Akajibu kwa sauti hiyo hiyo, foleni nzima ikasikia, na mama mmoja kule nyuma akadakia, "Kumbe sisi ndugu kabisa!" Hapo kazi ikasimama, watu wakaanza kuulizana habari za Mvumi na nani kamwoa nani.

Sasa paswedi. Kijana akaiandika kwenye kaunta buku lake, mstari wa baba mdogo chini ya mistari ya wenzake. Nikachungulia. Ukurasa mzima paswedi ni moja: jina la mji, mwaka, na alama ya @ mwishoni. Nikamwambia, mdogo wangu, hii si hatari? Akanijibu bila kuinua macho, "Dada, nikiwaachia wachague wenyewe wanasahau kabla hawajafika Nanenane kupanda gari. Wakirudi wananilaumu mimi."

Wataalamu wa usalama wa mitandao watuambie huyu kijana kakosea wapi, maana bila yeye yule mzee angekuwa bado dirishani.

Kapuku wa Chang'ombe

"Mtandaoni ni wapi" 😂 Mzee kauliza swali la msingi kabisa.

Karani wa Mtumba

Sisi wa ndani nasi tuna yetu. Barua tunaandika kwenye kompyuta, tunaiprinti, bosi anasaini kwa kalamu, tunaiskani, tunairudisha kwenye kompyuta, anayetumiwa naye anaiprinti aweke kwenye faili. Hiyo ndiyo ofisi isiyotumia karatasi. Nisiseme zaidi, nina watoto wanasoma.

Ticha wa Bahi

Mnakumbuka vishikwambi vya sensa ya Agosti 2022? Baada ya watu kuhesabiwa vikaletwa kwa sisi walimu. Kitu kizuri, nakisifu bila unafiki. Tatizo shule yetu iko bondeni na mtandao haupendi mabonde. Unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko la shule. Siyo pembeni yake. Juu.

Kwa hiyo takwimu zote za shule zinatumwa kutoka kichuguuni. Mwalimu mkuu ana zamu yake asubuhi, wengine tunafuata kwa ukongwe kazini. Wanakijiji wameshatusoma: wakiona walimu wamejazana juu ya kichuguu wanajua kuna taarifa imetakiwa "leo kabla ya saa nane". Wakimwona mmoja kasimama peke yake usiku, hiyo ni simu ya mapenzi, wanapita mbali.

Mvua za Januari mchwa wakaanza kuongeza ghorofa. Tukapiga kura kama tuwaue au tuwaache. Tukawaacha, maana kila wakipandisha udongo na mtandao unaimarika.

Karani wa Mtumba

Ticha, hapo kwenye mchwa umeongeza sukari.

Ticha wa Bahi

Mkuu njoo Bahi uone. Beba na buti.

Dalali wa Kibaigwa

Soko la mahindi nimelizoea tangu ujana, na nawaambia hakuna teknolojia iliyowahi kulishinda neno "na ya kutolea".

Msimu mmoja tajiri katoka Dar, lori limepaki, vibarua wako tayari mgongo umeinama. Anamlipa mzee mmoja wa ndani ndani huko Kongwa kwa simu. Tajiri anaonesha simu yake: imetumwa. Mzee anaonesha kitochi chake: kimya. Mzee kakalia gunia la juu kabisa, haliendi popote. Jua linawaka, tajiri anapandisha sauti, ikabaki kidogo waitane wezi.

Kijana mmoja mbebaji akakiomba kile kitochi. Akaona kialama cha bahasha kinamweta: meseji zimejaa, mpya haiwezi kuingia mpaka za zamani zifutwe. Na kwenye simu ile zinafutwa moja moja.

"Mzee, hii nifute?"
"Inasemaje?"
"Nunua kifurushi cha wiki."
"Futa."
"Na hii?"
"Inasemaje?"
"Hongera, umeshinda gari."
"Hiyo iache."

Tukafuta za vifurushi zote, za magari zikabaki. Meseji ya hela ikaingia ikilia. Mzee akapewa, akaisogeza mbali na macho, akaisoma taratibu, akamgeukia tajiri: "Na ya kutolea iko wapi?"

Msidhani ni ushamba. Yule mzee anajua kwamba hela iliyo kwenye simu inapungua ukiitoa. Tozo ya miamala ilipokuja Julai 2021, wakulima wengi ninaofanya nao kazi walirudi kwenye noti, na hata makato yalipopunguzwa baadaye hawakunielewa tena.

Mstaafu wa Reli ya Kati

Nyie watoto mnacheka, sisi tulikotoka hamkujui. Miaka ya tisini nipo kazini Tabora, familia iko hapa Dodoma. Hela ya matumizi naiweka kwenye bahasha, nampa mtu anayesafiri na treni, namwambia mama watoto asubiri stesheni. Treni ikichelewa, naye analala pale pale. Mara nyingine bahasha inafika imegandishwa upya kwa ugali, na ndani kuna kibarua kutoka kwa mbebaji: "Shemeji nimekopa kidogo, tutaelewana." Tulielewana wapi!

Huduma ya kutuma hela kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, mimi sikuuliza makato. Nilichouliza ni kama huyo anayeibeba anashukia njiani.

Langu ni moja tu, makundi ya ukoo. Mtu anatangaza msiba, simu inajaa picha za mishumaa na mikono iliyofumbatana. Ukifika kuchimba kaburi unakuta wazee wale wale wenye viuno vibovu.

Binti Mkonze

Shikamoo mzee. Hilo la mishumaa limetuingia.

Mjukuu wa Mpwapwa

Langu fupi. Shangazi alipata ile meseji ya "Ile hela itume kwenye namba hii". Yeye anaamini mtu akikuandikia ni lazima umjibu. Akamjibu salamu, akamwambia hana hela, akamweleza mguu unavyomsumbua, akamuuliza kama huko aliko kuna mtu anayenunua mbuzi. Kila siku anamjulia hali. Tapeli akamzuia. Shangazi mpaka leo anauliza, "Yule kijana wa kwenye simu alipatwa na nini?"

Mpangaji wa Ipagala

Hakuna aliyegusa LUKU? Mwaka 2024 nimenunua umeme wa elfu tano usiku, nikaletewa namba nikadhani ni kosa la uchapaji. Makundi matatu, kila moja tarakimu ishirini. Giza totoro, rimoti ya mita betri ziko taabani tunaziuma na meno, mimi nasoma kwa tochi ya simu, mtoto anabonyeza. "Saba." "Saba ipi baba, ile ya mwanzo?" Hapo unaanza upya. Majirani nao wanapaza sauti ukutani, kila nyumba inasoma namba kama wapo kanisani kwenye zaburi ya kujibizana. Nilitaka kujua tu, tulikosa nini?

Fundi Umeme Nkuhungu

Mkuu hukukosa kitu, ni hesabu. Kila tokeni, yaani hiyo namba unayoletewa ukinunua umeme, imebeba muda ndani yake, na muda huo ni idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita inautumia kujua kwamba tokeni ni mpya na haijawahi kuingizwa. Sasa nafasi waliyouwekea huo muda ina biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja tu, na kikomo chake ni dakika 16,777,215, karibu miaka 32. Dakika ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siyo sisi tu, ni mita za aina hiyo dunia nzima. Ambayo haikubadilishwa kabla ya hapo isingepokea tokeni mpya.

Makundi mawili ya kwanza hayakuwa umeme. Yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita na kuianzishia hesabu mpya. La tatu ndilo la umeme wako wa elfu tano. Walioruka moja kwa moja kwenye la tatu wakaandikiwa limekataliwa, ndio walionipigia simu usiku. Nilizunguka mtaa mzima nikibonyeza, wengine walinipa soda, wengine pole.

Mpangaji wa Ipagala

Kwa hiyo hizo dakika mpya nazo zitaisha?

Fundi Umeme Nkuhungu

Zitaisha. Hesabu mpya inahesabu dakika tangu 2014 badala ya 1993, weka miaka karibu 32 juu yake. Novemba 2045.

Mpangaji wa Ipagala

Sawa. Nanunua betri mpya kuanzia sasa. Na namba yako usibadilishe.