Imani ya siku zisizo na shida: mnaanzia wapi?

Abiria_wa_Alfajiri: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mtu akiuguliwa au kesi ikikaribia, anakesha na kufunga. Mambo yakitulia, Biblia inarudi juu ya kabati. Naomba utaratibu unaoshikika kwa anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Ratiba ya mtawa sitaiweza.

Kengele_ya_Mchana: Tumsifu Yesu Kristo. Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, na haifiki dakika tatu. Kama si mapokeo yako, shika saa hizohizo kwa Baba Yetu. Soma Danieli 6:10 taratibu: alipiga magoti mara tatu kwa siku kama ilivyokuwa desturi yake tangu zamani. Hakuanzia kwenye tundu la simba. Kosa la wengi ni kujipangia saa nzima. Wiki ya pili wamechoka.

Sura_kwa_Sura: Kwenye kusoma, usianze Mwanzo. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, yaani tatu na kitu kila siku, na wengi wanakwama Walawi. Anza na Marko, sura 16, moja kwa siku. Injili zote nne ni sura 89, hazimalizi miezi mitatu. Ukiruka siku, usifidie: deni la sura nne ndilo linalomfanya mtu aache kabisa. Unasomea simu kwenye daladala? Zima data kwanza, la sivyo utaishia kwenye magrupu.

Jiwe_la_Kilo: Mmesahau kazini, na huko ndiko siku inakoishia. Mwenye genge asome Mithali 11:1, kisha akague mizani kabla ya kufungua. Sinia tupu, mshale usimame kwenye sifuri. Huna jiwe la kilo? Pima chupa tupu, ijaze maji lita 1, pima tena: tofauti iwe kilo 1. Springi huchoka, na gramu 50 zikipungua kila kilo, mteja wa kilo 20 kapoteza kilo nzima. Huo ni wizi hata kama umefungua duka kwa maombi.

Na kibarua alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijazama (Kumbukumbu 24:15). Ukimtumia kwa simu, ongeza ada ya kutolea. Mkikubaliana 15,000, ashike 15,000 mkononi.

Abiria_wa_Alfajiri: Nashukuru. Na Mithali? Nasikia watu wanaisoma kwa tarehe.

Sura_kwa_Sura: Ndiyo, ina sura 31: tarehe 9, sura ya 9. Ila mwezi wa siku 30 unakunyima sura ya mke mwema. Iunganishe na ya 30, kina mama wasije wakakudai.