Tupeane uzoefu: terminali ya Linux wewe uliizoea vipi?

Ngamiani12:
Wakuu habari za usiku. Mi nina stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, nachapa, natoa kopi, nasafisha picha. Ubuntu, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, niliiweka 2019 baada ya kuchoshwa na virusi vya flashi za wateja, kila flashi ikiingia mafoda yote yanageuka shotikati. Nikahamia Linux, vile virusi vikakoma kunisumbua, ila mwaka mzima nilikuwa nabonyeza ikoni tu, terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia komandi, naiona naifunga haraka.

Kilichonifundisha ni picha za harusi. Mama mmoja kaniletea picha mia nne na kitu za harusi ya binti yake, nikaziweka foda moja, kwenye kuzisafisha zikazaliwa faili nyingi zinazoanza na neno kopi. Sa nataka kufuta hizo tu. Komandi ya kufuta ni rm, ilitakiwa niandike rm kopi* lakini kidole kikagusa spesi kabla ya nyota, ikawa rm kopi * halafu nikapiga enta. Ikanijibu mstari mmoja kwamba hakuna faili linaloitwa kopi, mi nikajua basi haijafanya kitu. Napiga ls, ile ya kuorodhesha faili, foda tupu. Nilikaa pale kwenye kiti mikono imekufa ganzi, wateja wapo mlangoni wanasubiri kopi za vitambulisho.

Mama wa watu alikuwa hajafuta memori kadi yake, alhamdulillah. Ila usiku ule ndo nilikaa kuelewa: ile nyota haifunguliwi na rm, inafunguliwa na sheli kwanza, yaani programu inayosoma unachoandika kwenye terminali, inageuzwa majina ya faili zote zilizomo, ndo rm inakabidhiwa. Ikisimama peke yake maana yake kila kitu. Na ukifuta kwa rm hakuna pipa la takataka la kwenda kuokotea. Tangu siku ile naanza na ls kopi* naangalia kinachotoka, nikiridhika napandisha mshale wa juu nabadilisha ls iwe rm. Nyie wenzangu mlianzaje?

Raskazone_kwetu:
Pole sana mkuu. Mi nilijifunza kwa kukosa bando. Natoka chuo likizo, niko nyumbani, hela ya bando hamna, ila laptopu ina man ndani yake, yaani kitabu cha maelezo ya komandi. Man ls, man cp, man find, zote zinafunguka bila intaneti. Nilikuwa na daftari, kila siku komandi moja, Kiingereza kigumu lakini nikagundua mengi yanajirudia. Ukiwa ndani bonyeza mkwaju / uandike neno unalotafuta, q ya kutokea. Na kama hujui hata jina la komandi unaandika man -k na neno, inakuletea zinazohusiana. Hiyo man -k ndo ilinifanya mtu, wengi hawaijui.

BintiChumbageni:
Mimi ni bomba, ile alama ya | inayopitisha majibu ya komandi moja kwenda komandi nyingine. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba, daftari lake nimelichapa kwenye faili, kila mtu akilipa hisa unaandikwa mstari mmoja wa jina lake. Mwisho wa mwezi nani kalipa mara ngapi ilikuwa kazi ya jioni nzima. Nikasoma kuna uniq -c inahesabu, nikaijaribu, jina la mama mmoja likatokea sehemu tatu kila sehemu na hesabu yake, nikaona hii mbovu. Kumbe uniq inalinganisha mistari iliyopakana tu, lazima upange kwanza kwa sort. Ikawa sort hisa.txt | uniq -c | sort -rn na majibu yakaja hapohapo, waliolipa zaidi juu. Angalieni pia herufi kubwa na ndogo, jina lilelile ukilianza kwa ndogo linahesabiwa mtu mwingine. Mama aliangalia akachukua daftari akahakiki moja moja, yakalingana.

Nilipofuatilia nikakuta hilo bomba ni la zamani mno, Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs ndo alilipigania na Ken Thompson akaliingiza 1973 kwenye Unix, mfumo uliotangulia Linux, wakati Linux yenyewe Linus Torvalds kaianza 1991 kule Finland. Kitu cha miaka yote hiyo kinahesabu hisa za kikoba Chumbageni, mi inanifurahisha kweli.

Pongwe_juu:
Ruhusa za faili ndo zilinitesa. Komandi ya kuzibadilisha ni chmod, watu wanakwambia piga chmod 777 yaishe, msiwasikilize, hapo umefungulia kila mtu. Kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1, unajumlisha. 755 ni mwenyewe vyote, kundi lake na wengine kusoma na kuendesha tu. Ukishashika hiyo hesabu basi.

Makorora_mgeni:
Jamani naomba msaada mi ndo naanza leo, nimeandika vi nimeingia mahali sitoki, naandika exit inaandika ujinga mwingine.

Ngamiani12:
Hiyo vi ni programu ya kuhariri maandishi. Bonyeza Esc kwanza, halafu andika :q! upige enta. Utatoka bila kusevu.

Makorora_mgeni:
Nimetoka. Ahsante sana ami, nabaki hapahapa nasoma.