Mavazi gani yanavumilika kwa mwenye maumivu ya neva na ngozi isiyotaka kuguswa?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Niliugua mkanda wa jeshi upande wa kushoto wa kifua. Malengelenge yalikauka na makovu sasa ni hafifu, lakini maumivu hayakuondoka pamoja nayo. Daktari alinieleza kwamba neva zenyewe zimeathirika, na dawa ya amitriptilini aliyoniandikia imenirudishia usingizi kwa kiasi kikubwa. Kinachonitesa mchana ni nguo. Ukanda ule unaotoka mgongoni, ukapita chini ya kwapa hadi chini ya titi, hauvumilii kitambaa kabisa: fulana ikipitapita juu yake nahisi kama ninasuguliwa kwa msasa kwenye ngozi iliyobabuka. Ajabu ni kwamba nikipabonyeza kwa kiganja na kutulia, maumivu hupungua.

Kila ninayemwuliza hunishauri nivae nguo pana. Ninavaa magauni mapana, na siku za upepo ndizo mbaya kuliko zote. Isitoshe, hata kabla ya ugonjwa huu nilikuwa nikitokwa na vipele shingoni na kiunoni, na kazi yangu hainiruhusu kuacha sidiria. Naomba ushauri wenu: nichague kitambaa gani, mshono wa namna gani, na je, nguo inayobana kidogo ina madhara?

Jibu la muuguzi

Pole sana, dada. Maelezo yako kuhusu upepo na kiganja yanabeba karibu jibu lote. Maumivu yanayoletwa na mguso ambao kwa kawaida hauumizi si ya aina moja: wapo wanaoumizwa na mgandamizo, wapo wanaoumizwa na baridi au joto, na wapo, kama wewe, wanaoumizwa na mguso mwepesi unaotembea juu ya ngozi. Neva zinazobeba mguso huo mwepesi si zile za maumivu, lakini baada ya jeraha la neva uti wa mgongo huweza kuanza kuzipokea taarifa zake kana kwamba ni za maumivu. Gauni pana huyumba kila unapopiga hatua, kwa hiyo linakupa kutwa nzima kile kile usichokitaka. Ushauri wa nguo pana ni mzuri kwa anayeumizwa na mgandamizo. Kwako naona unakwenda kinyume.

Jaribu fulana laini ya ndani inayokaa mwilini na kusogea pamoja na ngozi, kisha uvae gauni lako juu yake, ili kinachopepea kigongane na fulana na si na wewe. Isikubane hadi ukose pumzi, wala isikuachie alama nyekundu zinazodumu baada ya kuivua. Vilevile mwulize daktari wako kuhusu plasta ya lidokaini ya asilimia 5, ambayo hubandikwa juu ya ngozi isiyo na kidonda kwa muda usiozidi saa 12 katika kila saa 24. Mbali na kutia ganzi, plasta yenyewe huwa kizuizi kati ya kitambaa na ngozi, na wapo wagonjwa wanaoipendea sababu hiyo zaidi ya dawa iliyomo.

Jibu la fundi cherehani

Nawashonea wateja wawili wenye shida kama yako, hivyo nitajibu upande wa mshono. Kitambaa cha fulana, chenye kuvutika, kitakufaa kuliko cha shati, kwa kuwa cha shati hakifuati mwili unapojipinda, kinateleza juu yake. Pamba ni nzuri maadamu ni kavu. Ikilowa jasho hung'ang'ania ngozi na kuongeza msuguano, na hapo viskosi laini (kitambaa cha nyuzi zitokanazo na miti) au hariri huishinda. Kitani kipya ni kigumu mno. Sufu nayo huchoma pale nyuzi zake zinapozidi takriban mikromita 30 (sehemu 30 za elfu za milimita) kwa unene, kwa sababu ncha zake hazipindi zinapogusa ngozi. Sufu nyembamba sana haina tabia hiyo, ingawa kwenye ukanda wako nisingeigusa.

Mshono wa ubavuni ndio adui yako, kwa sababu unapita juu ya sehemu hiyo hiyo. Tafuta fulana iliyofumwa kama bomba bila mshono wa ubavuni, au vaa ya kawaida ukiwa umeigeuza nje ndani. Lebo usiikate kwa mkasi, kwani kishina kinachobaki huchoma kuliko lebo nzima. Fumua uzi wake kwa ncha ya sindano, kisha uokote vipande vyote vya uzi, maana uzi wa nailoni ni mgumu. Kuhusu sidiria, toa waya, ivae juu ya fulana ya ndani, na uombe fundi akuongezee upana wa mkanda wa chini ili ukingo wake ushuke nje ya eneo linalouma badala ya kukata katikati yake. Au mwache ashone fulana yenye tabaka mbili kifuani, inayofunguka mbele, ambayo itafanya kazi ya sidiria bila kupita kichwani.

Jibu la mwenye kisukari

Niongeze tahadhari kwa wengine watakaosoma. Mimi maumivu yangu yako miguuni na yamechanganyika na ganzi, na kwa hali hiyo nguo ya kubana ni hatari, kwa kuwa inaweza kuchubua bila mtu kuhisi. Navaa soksi zisizo na lastiki kali wala mshono vidoleni, za rangi nyeupe ili damu au usaha uonekane mapema, na nakagua nyayo kila jioni. Usiku shuka huinuliwa na fremu ndogo miguuni pa kitanda.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Leo nimevaa fulana ya kubana chini ya gauni na sidiria juu yake, na tofauti naiona. Lakini vipele vya shingoni na kiunoni je? Nihofie kwamba fulana ya kubana itavichochea?

Jibu la muuguzi

Huenda, ikiwa ni ya poliesta ya rangi nzito. Baadhi ya rangi zinazotumika kwenye vitambaa hivyo, na kwenye bitana, huleta mzio pale kitambaa kinaposugua na jasho kulowa: shingoni, kingo za kwapa, mapajani. Nguo za pamba zinazouzwa kwa sifa ya kutokunjamana nazo huweza kuwa na dawa inayotoa fomaldehaidi, kemikali inayoweza kuleta mzio. Kipele cha chini ya kitovu mara nyingi huletwa na nikeli, madini yaliyomo kwenye kifungo cha suruali. Basi chagua nyeupe au isiyotiwa rangi, ifue kabla ya kuivaa mara ya kwanza, tumia sabuni isiyo na manukato, suuza mara mbili, na uache dawa za kulainisha nguo, kwani hubaki kwenye nyuzi. Vipele vikiendelea, mwone daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha mzio, ambapo kemikali zinazoshukiwa hubandikwa mgongoni, upande ulio mzima, na uende na nguo unayoishuku, kwa kuwa kipande chake kinaweza kupimwa pamoja na kemikali nyingine.