Mjadala: Treni ya Namanve ikifika stesheni, abiria aendelee na nini?

Mwanzisha mada, Kireka:
Treni ya abiria ya kutoka Kampala hadi Namanve, eneo la viwanda mashariki mwa jiji, ilianza Desemba 2015, nauli ikiwa shilingi 1,500. Iliendeshwa na kampuni binafsi ya Rift Valley Railways, 2018 ikaingia mikononi mwa Shirika la Reli la Uganda, baadaye ikasimamishwa njia ikarabatiwe, ikarudi 2024. Kila inaporudi tunaipiga picha, halafu haupiti muda swali ni lilelile: mbona Jinja Road, barabara inayokwenda sambamba na reli, bado ina jamu ya magari?

Jibu langu ni kwamba watu hawakai karibu na reli. Treni inapita Nakawa, Kireka, Namboole hadi Namanve, lakini abiria wenyewe wako vitongoji vya Kyaliwajjala, Kira, Ntinda, Seeta. Chukua mtu wa Kyaliwajjala anayefanya kazi hospitali ya Mulago jijini. Anapanda taksi, yaani basi dogo la abiria, hadi Kireka, analipa. Anateremka kwa miguu hadi stesheni, anakata tiketi. Akifika Kampala, treni imemwacha upande wa Jinja Road. Ama achukue boda, ama akatize mji hadi paki ya taksi, akae garini angoje lijae. Nauli tatu, na kusubiri mara tatu. Taksi ya moja kwa moja itamfikisha mjini bila kuteremka, hata ikikwama kwenye jamu ya Banda nusu saa. Nani atamlaumu?

Kwa hiyo napendekeza: mabasi ya jiji yangoje treni stesheni, tiketi iwe moja kwa safari nzima, na taksi zinazokimbizana na treni Jinja Road zihamishiwe njia za pembeni. Karibuni mnichape.

Dereva wa taksi, Mukono:
Kaka, salamu. Treni unayoisifu inafanya kazi asubuhi na jioni, yaani saa zilezile ambazo sisi tunapata chochote. Saa saba mchana, abiria watatu garini na jua linachoma, treni iko wapi? Saa nne usiku mvua inanyesha, muuguzi ametoka zamu, nani anamfikisha Seeta? Nyama mnaichukua nyinyi, mifupa mnatuachia sisi, halafu mnasema tuondoke barabarani. Mwenye gari anataka pesa yake ya siku, nimejaza au sikujaza.

Mwanzisha mada:
Hoja yako ya mchana ndiyo inanipa nguvu. Kama serikali inataka ukae Kireka uwapeleke watu Kira na Kyaliwajjala siku nzima, ikulipe kwa safari, si kwa vichwa. Hapo hutakuwa na sababu ya kugombania abiria wa saa moja asubuhi. Sijasema taksi zife. Nimesema zisikimbie sambamba na reli.

Mzee wa Nakawa:
Vijana mnasahau haraka. Machi 2012 tuliletewa mabasi ya rangi ya chungwa, Pioneer Easy Bus, mia moja kutoka China. Yalikuwa masafi na bei haikuwa mbaya. Kabla ya 2013 kwisha yalikuwa yameshasimama kwa mgogoro wa kodi. Lakini hata kabla ya kodi yalikuwa yamekwama kwenye jamu ileile pamoja na taksi, maana hayakupewa njia yao wenyewe. Basi lisilo na njia yake ni taksi kubwa tu, tena taksi isiyoweza kupenya. Mkileta mengine ya kungoja treni, kwanza mniambie yatatokaje Nakawa kwenda Ntinda saa kumi na moja jioni.

Mfanyakazi wa kiwandani, Namanve:
Shikamoo mzee. Kaka zangu, mnaongea tiketi, mimi naongea taa. Kutoka stesheni hadi geti la kiwanda chetu hakuna njia ya miguu. Ni malori na vumbi, na mvua ikinyesha ni matope. Jioni natembea na viatu vya kazi mkono mmoja, simu ya kumulika mkono mwingine, na lori likipita nasogea hadi kwenye mtaro. Nikikosa treni nalipa boda mpaka barabara kuu. Basi likija nitashukuru, lakini kabla ya basi niwekeeni kilomita moja ya njia na nguzo za umeme. Haihitaji hata mkopo wa nje.

Dereva wa taksi, Mukono:
Dada amesema ukweli. Hapo hata mimi sibishi.

Mtanzania ninayeishi Ntinda:
Mimi nimetoka Dar. Mabasi ya Mwendokasi, yenye njia yao wenyewe, yalianza 2016, treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ya Morogoro Juni 2024. Hata kwetu si kila kitu kimeungana, ila Dar ukishuka treni, kituo cha Mwendokasi hakiko mbali, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Kwenye tiketi moja angalieni Lagos: treni yao ya Blue Line ilianza kubeba abiria Septemba 2023, na kadi ya Cowry unayogusisha kwenye basi ndiyo hiyohiyo unaingilia kwenye treni. Abiria hajali nani mwenye basi na nani mwenye treni.

Mzee wa Nakawa:
Na Addis Ababa je? Reli yao ya umeme ya mjini ilifunguliwa 2015, Afrika nzima tukaionea wivu. Miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimelala karakana kwa kukosa vipuri. Kadi nzuri haiendeshi treni mbovu.

Mwanzisha mada:
Kweli mzee, lakini sisi vichwa vya treni vya dizeli tunavyo na mafundi wa karakana ya reli ya Nalukolongo tunao. Kinachonitisha zaidi ni hii SGR mpya. Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Nani kati yenu amesikia mjadala wa mtu atateremka wapi na atapanda nini? Waliopanda treni ya Mombasa–Nairobi wanaijua Syokimau, stesheni yake ya mwisho: umetoka pwani kwa raha zako, umefika, na Nairobi yenyewe bado iko mbali. Ukibahatika unaunganisha treni ndogo ya kuingia mjini, ukikosa unakabidhiwa kwa madereva. Wakati wa kubishana ni sasa, kabla zege halijamwagwa. Na AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, ya 2027 inakuja hapa kwetu, Kenya na Tanzania. Namboole ina stesheni karibu na uwanja wa mpira. Mechi ikiisha usiku, treni ya jioni itakuwa imeshalala!

Mama wa Seeta:
Mimi nina mtoto mgongoni na mfuko wa bidhaa za soko la Owino. Kubadilisha gari mara mbili kwangu si jambo dogo, hata kama tiketi ni moja. Kila kushuka ni kupanga mzigo upya. Taksi inanishusha karibu na nyumbani, na konda ananipokelea mfuko. Basi lenu nani atanipokelea?

Mwanzisha mada:
Mama, wewe kaa kwenye taksi yako. Wakipungua wanaokwenda ofisini na mkoba mmoja, hata hiyo taksi yako itafika mapema.

Dereva wa taksi, Mukono:
Sasa turudi kwenye pesa. Umesema nilipwe kwa safari. Gari likiwa tupu nalipwa?

Mwanzisha mada:
Unalipwa. Ndiyo maana ya ratiba: unaondoka kwa saa, si kwa kujaa.

Dereva wa taksi, Mukono:
Na treni ikichelewa, niingoje au niondoke?

Mwanzisha mada:
Uingoje.

Dereva wa taksi, Mukono:
Na waliokwisha kukaa ndani wanaokwenda Kira wakianza kugonga bati? Dakika tano, kaka. Ikizidi hapo, andikeni kwenye mkataba nani atawatuliza.