Tupeane uzoefu: rimu za aloi, rangi ya unga au ya kupuliza?

Wakuu, kila anayenunua rimu zilizochoka anakuja na swali hili, bora tulijibu kwa yaliyotukuta. Naanza mimi.

Rimu zangu nne zilikuwa zimevimba kilia (tabaka angavu la juu ya rangi) pembeni, chini yake michirizi myeupe kama njia za mchwa. Nikazipeleka kwenye rangi ya unga, ile inayopigwa ikiwa kavu kisha inaivishwa kwenye oveni. Zilivyorudi, nyeusi tii, unajiona sura! Nikafunga, nikatamba nazo. Siku ya tatu gari likaanza kutetemeka. Nasimama, nagusa nati: mbili zinazunguka kwa vidole. Kumbe fundi hakuziba matundu ya nati, unga ukaivia palepale nati inapokalia. Rangi ile ni nene, ikibanwa inasinyaa, na nati inalegea. Nilikwangua mpaka aloi tupu, pale na kwenye uso unaogusa habu (kitovu kinachofungiwa rimu). Siku hizi nakaza kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, naendesha kama kilomita 80, nakaza tena.

*

Pole mkuu. Yangu ilikuwa vitundu. Rimu ya kumiminwa kwenye kalibu ina matundu madogo ambayo jicho halioni, yanakunywa mafuta miaka yote. Ikiingia oveni, nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, hewa na mafuta yanatokea katikati ya unga unaoyeyuka. Nilipokea rimu kama imechomwachomwa sindano. Mara ya pili fundi mwingine aliichoma kwanza ikiwa tupu, ikapoa, ndipo akapiga unga. Ikatoka safi.

*

Sisi wa rangi ya kupuliza ya makopo je? Nilipiga msasa namba 80, 240, mwisho 400, nikafuta kwa thina, praima, rangi tabaka tatu nyembamba, kilia. Jirani akasema nimenunua mpya. Halafu nikabadilisha pedi, tone la mafuta ya breki likadondoka kwenye spoku. Nikaenda kunawa mikono, narudi naikuta rangi imejikunja kama maziwa yaliyogandia sufuriani. Sasa natumia kilia ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuikausha iwe ngumu). Inavumilia zaidi, ila jamani, hadna ile ina kemikali ya isosayaneti, inaharibu mapafu. Kitambaa puani hakisaidii kitu.

*

Nyongeza fupi: kabla ya oveni tairi litoke, valvu itoke, sensa ya upepo itoke. Niliiacha moja. Ilikaangika.

*

Mimi ugomvi wangu ni na wanaotoa rangi ya zamani kwa moto wa gesi. Aloi ilipata nguvu yake kiwandani kwa joto la kupimwa. Ukiichoma ovyo inalainika na hutajua kwa macho. Yangu niliipiga mchanga laini, na vizuri nilifanya hivyo, maana rangi ilipoisha ufa ukajitokeza nyuma ya spoku, mrefu kama kidole. Duka lilikuwa limeupakia puti! Sikuipaka tena, niliitupa.

*

Wakuu, mimi zangu ni za vipande vitatu, zimeungwa kwa bolti. Naweza kuziingiza oveni zilivyo?

*

Hapana mkuu, zifungue. Silanti (gundi ya kuziba upepo) ya kwenye maungio inaweza kuharibika kwa joto lile, upepo ukavuja. Kila kipande kipakwe peke yake, sehemu za kuungania zizibwe zisishike unga, kisha weka silanti mpya na ukaze bolti kwa kipimo cha aliyeitengeneza. Ukimaliza tuletee picha, za nyuma pia.